Kwanza Tumtoe Wifi

Injinia hakuwa injinia. Jina alilipata siku aliyookota kofia ngumu ya njano nje ya jengo moja la wakubwa lililokwama kujengwa, akaivaa kujikinga na jua, na kabla hajafika mwisho wa mtaa watu watatu walishamwuliza barabara itakamilika lini. Akawajibu mwezi ujao. Wakamshukuru. Siku hiyo ndipo alipoelewa nchi inavyoendeshwa, na tangu hapo kofia hakuivua ila kwa kulala na kuoga.

Habari hii inaanzia ghorofa ya pili ya jengo la maduka, kwenye chumba cha mama mmoja mchapishaji. Alichapisha kadi za harusi, za kliniki, za vyama vya kuzikana na za vyama vya kuzikana kwa maneno, yaani vya siasa. Kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Kadi. Injinia alikuwa amekwenda kutoa nakala ya cheti cha chuo ambacho hakuwahi kukikanyaga, na alikuwa anangoja mashine ipate moto, ndipo jicho lake lilipoangukia rundo la karatasi dirishani. Feni ya darini ilikuwa inazipuliza, na juu yake, kuzikandamiza zisiruke, liliwekwa boksi.

Injinia akalisogelea hatua mbili.

Boksi lile lilikuwa la kadi ya picha, ile inayowekwa ndani ya kompyuta kubwa ya mezani ili kioo kiweze kuchora mambo mazito bila kukwama. Tena si kadi ya hivihivi. Ilikuwa ya toleo jipya, ya mafeni matatu, muhuri wake haujakatwa. Vitu vya namna ile yeye aliviona kwenye simu tu, kama mtu wa kijumba cha vyumba viwili anavyoangalia picha za ikulu.

"Mama," alisema kwa sauti ya mtu asiye na haja, "lile boksi lina nini?"

"Lile ni tusi la kaka yangu," alijibu Mama Kadi bila kugeuka.

Akamsimulia. Kaka yake alikuwa ng'ambo, anauza kompyuta. Miezi miwili nyuma Mama Kadi alikuwa amempigia simu amtumie kadi nzuri, nene, zinazong'aa, awaonyeshe wateja mfano. Kaka akamjibu, dada usijali, nitakutumia kadi ambayo huko kwenu hakuna. Akatimiza ahadi. Lilipofika lile dude, Mama Kadi alilitazama mbele na nyuma, akatafuta mahali pa kuandika jina la bwana harusi, hakupaona. Tangu siku hiyo hawajasemeshana.

Kwenye kona alikaa mwanamke wa makamo mbele ya mashine ya kukatia karatasi, ile yenye mkono kama panga. Alikuwa dada wa mume wa Mama Kadi, na kwa kuwa mwenye chumba alimwita wifi, wateja nao, wanaume kwa wanawake, walimwita Wifi. Wifi alikata kingo za kadi tangu asubuhi hadi jioni, na katikati alikata watu kwa maneno.

"Alitaka karatasi akaletewa chuma," alisema Wifi. "Waliosoma."

Injinia akacheka, akachukua nakala ya cheti chake, akaanza kazi.

Kwanza aliuliza kuhusu laptop iliyokuwa mezani inahema kama mgonjwa wa pumu. Mama Kadi akafunguka. Wateja siku hizi hawataki kadi ya karatasi peke yake, wanataka na ya video, inayotumwa kwenye simu: maua yanafunguka, majina yanang'aa, bi harusi anatabasamu. Laptop yake ikianza kuipika video moja asubuhi, huivisha alasiri, na mara nyingine huzimika katikati. Wateja wanne walishamhama mwezi ule. Alilisema jambo hilo taratibu, huku akipangusa kioo kwa ncha ya mtandio, na mtu yeyote mwenye masikio angesikia kwamba chumba kile kikifungwa, yeye na Wifi hawana pengine pa kukaa mchana.

Injinia masikio alikuwa nayo. Ila alikuwa ameyakodisha kwa macho, na macho yalikuwa dirishani.

Alimwambia ipo dawa. Atamtengenezea sanduku la nje, lenye kadi yake ya picha na umeme wake, mkia wake unaingia ndani ya laptop kwa waya, na laptop kizee itakimbia kama iliyozaliwa jana. Mama Kadi akauliza, je, hiyo kadi ya kaka haiwezi kutumika humo? Swali zuri kuliko yote, na Injinia akalizika papo hapo: ile haiingii ndani ya laptop, ni chuma cha mafeni. Lakini kwa heshima ya mama, ataichukua kama malipo.

Hapo tusimame tumwinamie kichwa. Kudanganya kwa neno la kweli ni ufundi. Wakubwa wetu kwa ufundi huohuo hupewa magari. Yeye alikuwa anataka boksi moja tu.

"Mimi ni mtu wa karatasi," alisema Mama Kadi. "Tuandikiane." Akakaa kwenye kompyuta akaanza kuchapa makubaliano, na alipofika kwenye malipo akauliza akiiteje kile kitu, maana kwenye boksi kuna jina refu na tarakimu.

Injinia hakutaka jina lile refu liandikwe popote. Jina likiandikwa mtu hulitafuta, akilitafuta huiona bei.

"Andika kadi tu, mama. Tusijaze karatasi bure."

"Kadi tu?"

"Kadi, boksi moja. Wote tunajua tunachosema."

Ikaandikwa hivyo: Injinia atatoa sanduku moja linalofanya kazi, na vyote vilivyomo, Mama Kadi atatoa kadi, boksi moja. Mstari wa mwisho aliutunga Injinia mwenyewe: hakuna kurudishiana. Akaweka sahihi ya mkia mrefu, akaandika na namba yake ya simu. Wifi akaukata ukingo wa karatasi ukawa sawa kabisa.

*

Sasa, mtu huyu katika maisha yake alikuwa ametengeneza kitu kimoja cha kweli, na kitu hicho kilikuwa sanduku la namna hiyohiyo.

Kilikaa chumbani kwake, ndani ya droo ya kabati la kitandani lililotupwa na wapangaji waliohama. Kadi yake aliifukua kwenye vyuma chakavu, imekatika feni. Akaifungia feni nyingine kwa waya. Kibao cha kuunganishia, chenye mkia wa kuingia ndani ya laptop, alikipata kwa kubadilishana na saa yake ya ukutani. Umeme aliutoa kwenye saplai ya kompyuta ya ofisi iliyokufa, na kwa kuwa saplai ya namna ile haikubali kuamka bila kompyuta yake, alijifunza hila ya mafundi: unakunja kibanio cha karatasi, unaunganisha waya wa kijani na mweusi, nayo inaamka ikidhani bwana wake karudi. Alihangaika nalo wiki kumi na moja. Siku laptop yake ilipoitambua kadi kwa mara ya kwanza, alisimama katikati ya chumba ameinua bisibisi, akaangalia kulia na kushoto. Hapakuwa na mtu wa kumwambia. Akaiambia feni.

Hilo ndilo alilolichukua kuwa chambo.

Kabati lile lilikuwa na droo mbili, na hapo ndipo uhalifu ulipopata nyumba. Kwenye droo ya pili aliweka nusu tofali iliyoviringishwa tambara, taa ndogo za rangi, feni ya betri na mkia wa bandia. Akaifunga kifuniko kilekile cha mbao, akatoboa matundu yaleyale. Alizipima zote mbili kwenye mizani ya muuza mkaa, akiongeza kokoto na kupunguza kokoto, mpaka uzito ukalingana kabisa. Alama hakuweka, maana alama humwumbua mwenyewe.

Mpango ulikuwa huu. Shirika la umeme lilikuwa limebandika ratiba ya mgawo: mtaa ule utakatiwa Alhamisi saa nne kamili asubuhi hadi jioni. Injinia atafika saa tatu, atafunga sanduku la kweli, Mama Kadi ataona maajabu. Saa nne kasorobo atalitoa nje kulikaza skrubu, atarudi na lile la tofali. Saa nne umeme utakatika, hakuna kujaribu tena. Umeme ukirudi, yeye na kadi ya mafeni matatu watakuwa mtaa mwingine, na droo yake halali mfukoni.

*

Alhamisi akafika, mfuko mkubwa wa turubai mkononi. Aliuacha kwenye benchi la kibarazani ukiwa na lile la tofali, akaingia na lile la kweli kifuani. Dirishani, karatasi zilikandamizwa na kifurushi cha karatasi ya kaki. Boksi la kaka lilikuwa tayari mezani, limezungushiwa utepe wa gundi vizuri, na makubaliano juu yake. Injinia alilitazama kama bwana harusi asiyeruhusiwa kugusa.

Akaifunua laptop tumbo.

Hapa lazima lielezwe jambo moja, maana ndilo lililoharibu kila kitu. Ufundi wake Injinia aliupata kwa kusoma maandishi madogo kwenye vibao, si kwa kufundishwa na mtu. Ile kadi ndogo inayokamata mtandao wa hewani, wenye shule zao huitamka waifai. Yeye aliikuta imeandikwa wifi, akaisoma ilivyoandikwa, na kusema kweli kosa si lake. Tena, kama mafundi wengi, vifaa aliviita kama watu: saplai alikuwa mzee, feni alikuwa mkorofi. Na ule mkia wa sanduku ulitakiwa kuchomekwa palepale ilipokaa kadi hiyo ndogo.

"Kwanza tumtoe wifi," alisema, amezamisha kichwa ndani ya laptop.

Mashine ya kukatia ikanyamaza.

"Wifi?" aliuliza Mama Kadi. "Atoke aende wapi?"

"Pembeni tu. Huyu kakaa kwenye nafasi ya watu. Ni mdogo, lakini kaziba njia nzima. Akitoka yeye, mama, utaona kila kitu humu kinavyokwenda mbio."

"Ana miaka tisa humu."

"Ndiyo shida. Kazeeka na hana kazi." Akainua bisibisi akachungulia zaidi. "Wala hatasumbua. Ana nyaya mbili tu kichwani, mmoja mweusi mmoja mweupe. Nikizichomoa hizo, hata haongei."

Injinia alipoinua kichwa alimwona Wifi amesimama, mkono mmoja juu ya lile panga la karatasi.

"Nyaya mbili," alisema Wifi.

Injinia akainua ile kadi ndogo kwa kibanio kumwonyesha, akaeleza mtandao, akaeleza hewa, akaeleza herufi. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozama. Wifi alikunja mtandio wake, akamwambia Mama Kadi kwamba kwa kuwa yeye ndiye kizibo cha maendeleo, anatoka nje ili watu waendelee. Akabeba kigoda chake hadi kibarazani, akakaa. Kando yake palikuwa na benchi, na juu ya benchi palikuwa na mfuko.

Injinia hakuliwaza hilo. Alikuwa amechomeka mkia, amekunja kibanio, amemwamsha mzee. Feni mkorofi akakohoa, akazunguka. Mama Kadi akafungua video ya bi harusi iliyomsumbua tangu Jumatatu, akabonyeza, akainama kutafuta miwani. Alipoinuka ilikuwa imekwisha. Maua yalifunguka. Bi harusi akatabasamu bila kukwama hata jino moja.

Mama Kadi akakisogelea kioo. Kisha akasema polepole, "Hebu rudia."

Wakarudia. Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mwanangu, hii umeitengeneza wewe? Kwa mikono yako?"

Wiki kumi na moja, na huyu ndiye mtu wa kwanza kuuliza. Injinia akapangusa kifuniko cha sanduku kwa kiganja. Kwa dakika nzima, ninamtetea kwa hili, alifikiria kuliacha sanduku palepale. Kisha akaliona boksi la mafeni matatu, na saa ya ukutani ikasoma saa nne kasorobo.

"Nikalikaze skrubu nje, penye mwanga," alisema, akalichomoa.

Kibarazani Wifi alikuwa ameegemea ukuta, mtandio usoni, anakoroma. Injinia akatoa droo ya tofali mfukoni, akaiweka benchini kulia. La kweli kushoto. Alikuwa anafungua mdomo wa mfuko, mkoromo ukakatika.

"Mtu uliyemtoa ndani," ilisema sauti chini ya mtandio, "hata maji hutampa?"

Bomba lilikuwa mwisho wa kibaraza. Kukataa kungeleta kelele, na kelele zingemleta Mama Kadi. Akaenda, akajaza kikombe, akarudi. Wifi alikuwa vilevile, mtandio usoni, mikono mapajani. Masanduku yalikuwa vilevile, moja kulia, moja kushoto. Injinia akatia la kushoto mfukoni, akalibeba la kulia, akaingia nalo ndani akipiga mluzi.

Akalichomeka kwa madaha, taratibu, jicho kwenye saa. Saa nne kasoro dakika mbili. Kasoro moja. Saa nne.

Umeme haukukatika.

Tumewahi kuwalaumu wakubwa wa umeme kwa kutukatia bila ratiba. Siku ile waliweka ratiba, wakashindwa hata kuifuata. Watu hao ukiwategemea kwa wema unalala gizani, ukiwategemea kwa ubaya wanakuwashia taa.

"Basi tujaribu mara ya mwisho," alisema Mama Kadi, na kabla Injinia hajapata neno, akabonyeza.

Tofali likaamka. Feni mkorofi akakohoa kile kikohozi chake, ambacho hapakuwa na kingine kama hicho duniani. Maua yakafunguka, bi harusi akatabasamu. Injinia alikodoa macho kama mtu aliyeona maiti anapiga chafya. Alitaka kusema haiwezekani, lakini hilo ndilo neno pekee ambalo fundi wa sanduku lile hakuweza kulisema.

"Mbona umekauka?" aliuliza Mama Kadi.

"Furaha," alisema Injinia.

Akapewa boksi lake. Mlangoni, Wifi alimnyooshea mfuko wa turubai kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa.

"Usisahau tofali lako," alisema.

*

Njiani alijiliwaza. Droo imekwenda, sawa. Lakini kadi ya kaka ina thamani ya droo kumi, na uzito wake alikuwa anausikia kwapani, mzuri, uliojaa. Alifika chumbani, akafunga mlango, akanawa mikono, ndiyo, alinawa, kisha akakata utepe.

Ndani mlikuwa na kadi. Nene, nzuri, zinazong'aa, zimepangwa mstari kwa mstari hadi juu, kingo zake zimekatwa sawasawa kama wembe. Karatasi ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Kila moja ilisema:

INJINIA. Fundi wa masanduku ya kuipa laptop nguvu. Kazi yake nimeiona kwa macho yangu. Mama Kadi.

Na chini, namba yake ya simu.

Akaufungua na mfuko wa turubai: juu ya tofali palikuwa na barua fupi, wino bado mbichi. Mama Kadi alimweleza kwamba jioni ya siku ile ya makubaliano, kwa kuwa mtu anayesema "kadi tu" hamaanishi kadi tu, alimpigia kaka yake simu, wakapatana. Kaka alimweleza chuma kile ni nini, na akamweleza pia kuwa sanduku la nje si uongo, fundi akiwa mkweli. Ndiyo maana alikuwa ameziweka tayari kadi hizi: kama angekuja na sanduku zima bila mfuko, angepewa hizi, na ile ya kaka juu yake. Ile bado ilikuwa dirishani, ndani ya karatasi ya kaki, inakandamiza. "Siku ukipita mlangoni mikono mitupu, tutaizungumza," ilisema barua. "Kadi, boksi moja, umepata. Hakuna kurudishiana."

Chini kulikuwa na mstari wa mwandiko mwingine, wa kukwaruza: "Kutoka kwa nyaya mbili."

Injinia alikaa kitandani. Mbele yake kabati lilikuwa na mashimo mawili mahali pa droo, linamtazama. Alivua kofia, akaiweka chini, akaiokota, akaiweka tena chini. Kadi nyingine kama hizo tayari zilikuwa zimetangulia mjini: Mama Kadi alitia moja kwenye kila bahasha ya mwaliko iliyotoka kwake, na jiji lile halikukosa harusi.

Simu ya kwanza iliingia Ijumaa, kutoka kwa mama mwenye studio ya picha. Alikuwa na laptop inayokwama, ameliona sanduku la Mama Kadi, naye analitaka kama lile, lenye kikohozi kilekile. Injinia alifungua mdomo kutoa uongo, akautafuta pande zote, hakuuona. Akajikuta anataja vitu: saplai nzee, kibao cha mkia, kadi isiyo na feni, wiki tatu, labda nne.

"Sawa fundi," alisema yule mama. "Lakini nimeambiwa kazi yako huanza kwa kumtoa wifi. Wangu ninakaa naye, ni mtu mzima, ana miguu mibovu."

"Siku hizi simtoi," alisema Injinia. "Akae palepale, nimwone."